UZI: Kusema "twende", "tuanze", "tusitume" kwa Kihispania. Acheni kuzunguka, ile -e yetu ya mwisho inatosha kuanzia

MzeeWaVitenzi (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Naona humu tuna wanafunzi wengi wa Kihispania na wengi mnakwama pale pale nilipokwama mimi. Kumwambia mtu "njoo" mnaweza, "kaa chini" mnaweza. Ila ikifika kulishawishi kundi mlilomo na nyie wenyewe, "tule kwanza", "tusianze bado", mnaanza kubabaika. Mimi ilinichukua miaka kujua kosa langu. Nilikuwa natoka Kiswahili, naingia Kiingereza, ndipo natua Kihispania. Kiingereza hakina umbo la kitenzi kwa kazi hii, kina neno la kubandika mbele tu (let's). Sisi umbo tunalo. Wao wanalo. Sasa safari ya kuzunguka ya nini?

Angalieni:

tunaimba = cantamos
tuimbe = cantemos

Sisi a ya mwisho inageuka e. Wao a inageuka e. Tunaanza, tuanze: empezamos, empecemos. Tunaongea, tuongee: hablamos, hablemos. Tofauti ni kwamba "sisi" yetu (tu-) inakaa mbele ya kitenzi na yao (-mos) inakaa nyuma. Mkiliona hilo mmeshamaliza vitenzi vyote vya -ar (vinavyoishia hivyo kwenye kamusi) vilivyo vya kawaida, na hivyo ndivyo vingi kuliko vyote.

Sasa mtego wa kwanza, na huu unatunasa sisi hasa. Vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume: sauti ya mwisho inageuka kuwa a.

comemos = tunakula
comamos = tule
escribimos = tunaandika
escribamos = tuandike

Sikio letu limezoea kwamba e ndiyo ya kushawishi. Kwa hiyo ukisikia "comemos" akili inakwambia "tule", kumbe mwenzio anakupa taarifa tu kwamba mnakula. Dawa niliyotumia: nisifikirie "e", nifikirie "geuza". Kitenzi kikiwa na a, kipe e. Kikiwa na e au i, kipe a. Na kwao hakuna kinachosamehewa. Sisi tuna vitenzi vilivyotoka Kiarabu ambavyo havibadiliki hata kidogo (tujaribu, tusafiri, tufikiri), wao kila kitenzi lazima kigeuke. Tujaribu ni intentemos, tusafiri ni viajemos, tufikiri ni pensemos.

Naweka nukta hapa ninywe maji. Maswali ruksa.

Daftari Jipya:

Mkuu nipo na kalamu. Sasa vile vitenzi vya ajabu ajabu kama hacer, tener, decir inakuwaje? Na mbona kwenye kamusi ya Kihispania nikifungua sehemu ya amri silioni hili umbo la "sisi"?

MzeeWaVitenzi:

Daftari, swali lako la pili ni zuri. Fungua kamusi ya Real Academia Española (chuo cha lugha ya Kihispania), bonyeza kitenzi chochote, shuka hadi pameandikwa Imperativo. Utakuta tú, vos, usted, vosotros, ustedes, yaani "wewe" na "nyinyi" za kila aina. Nosotros (sisi) hayupo. Hawajasahau. Wanahesabu kwamba umbo hili ni la subjuntivo (umbo la kutaka na kushawishi, kama -e yetu) limeazimwa kufanya kazi ya amri, hivyo utalikuta huko juu kwenye Subjuntivo, presente. Na kwetu ni vivyo hivyo: amri halisi ni "imba!", "imbeni!". "Tuimbe" ni ile -e ile ile ya "nataka tuimbe". Nao wanasema quiero que cantemos. Umbo moja, kazi mbili, lugha zote mbili.

Vya ajabu ajabu: anza na "mimi" ya wakati uliopo, ondoa o, weka -amos.

hago, hagamos (tufanye)
digo, digamos (tuseme)
salgo, salgamos (tutoke)
pongo, pongamos (tuweke)
traigo, traigamos (tulete)
conozco, conozcamos (tujue, tufahamiane)

Vile sita ambavyo "mimi" yake haiishii kwa o vimeze tu: seamos (tuwe), estemos (tuwe, kwa hali ya muda au mahali), demos (tutoe), sepamos (tujue), hayamos, vayamos. Huyo wa mwisho ana kesi yake, nitamrudia.

Bi Nukta:

Niongeze kitu kinachowapiga wengi chenga. Vitenzi vinavyobadilisha katikati. Pensar ni pienso, volver ni vuelvo, sasa mtu anafuata hiyo kanuni ya "mimi" na kuandika "piensemos", "vuelvamos". Hapana jamani. Vya -ar na -er kwenye "sisi" havivunjiki tumbo: pensemos, volvamos, perdamos, contemos. Ila vya -ir vina ukaidi wao, e inakuwa i na o inakuwa u: pedimos lakini pidamos, dormimos lakini durmamos, sentimos lakini sintamos.

Halafu tahajia. C mbele ya e inabadilika sauti, kwa hiyo ukitaka kubaki na k ya buscar lazima uandike busquemos. G nayo hivyo hivyo: pagar, paguemos, llegar, lleguemos. Z mbele ya e inaandikwa c: empecemos, almorcemos, crucemos. Hiyo ni kazi ya kalamu. Mdomo haujabadilisha kitu.

Mpita Njia:

Jamani mimi nimejisomea, Wahispania wenyewe wanasema "vamos a" kwa kila kitu. Vamos a comer, tule. Vamos a empezar, tuanze. Sasa hizi hagamos na comamos za kazi gani? Naona mnatutwisha mizigo.

MzeeWaVitenzi:

Mpita Njia, umesema kweli nusu. Kwenye mazungumzo ya kila siku "vamos a" ndiyo inayosikika zaidi, na comamos inasikika yenye uzito kidogo, ya mtu anayehutubia au anayesisitiza. Lakini ngoja nikusimulie kilichonikuta.

Nilikuwa kwenye kazi ya pamoja ya tafsiri na wenzangu wawili wa Colombia, tunawasiliana kwa maandishi tu. Faili lilitakiwa kwenda kwa mteja siku hiyo. Mimi nikaona kuna kurasa mbili zina makosa, nikataka kutoa wazo: "Tusitume leo, jamani, mnaonaje?" Kwa kuwa nilikuwa mtu wa "vamos a" kama wewe, nikaandika:

No vamos a mandar el archivo hoy.

Mmoja akajibu: "Ah, bueno, entonces ya está decidido." Ah sawa, kumbe imeshaamuliwa. Akafunga kompyuta akaenda zake. Wa pili hakujibu kabisa. Mimi nimekaa nasubiri maoni, wao wanaamini nimewapa uamuzi kutoka juu. Kesho yake mteja anauliza faili liko wapi, wote wananigeukia mimi.

Kwa sababu "no vamos a mandar" haiwezi kuwa "tusitume". Ni "hatutatuma", basi. "Vamos a" inabeba ushawishi ikiwa ya kukubali tu. Ukiweka no mbele, ushawishi umekufa, umebaki na taarifa. Nilitakiwa kuandika:

No mandemos el archivo todavía.

Yaani kwenye kukataa hakuna njia ya mkato. Nasi tunazitofautisha kila siku bila kufikiri: hatutatuma, tusitume. Mtu akikwambia "hatutalipa" na mwingine akasema "tusilipe" unajua kabisa nani kaamua na nani anaomba mkubaliane. No vamos a pagar. No paguemos. Ni hivyo hivyo.

Na hata ile ya kukubali ina utata wake. "Vamos a comer" inaweza kuwa "tule", inaweza kuwa "tunaenda kula", inaweza kuwa "tutakula". Mazingira ndiyo yanakusaidia. Kitu kimoja kinapunguza utata: kiwakilishi kikikaa nyuma, "vamos a sentarnos", bado inaweza kuwa "tukae". Kikija mbele, "nos vamos a sentar", hapo ni taarifa tu, tutakaa.

Mpita Njia:

Mzigo nimeupokea mkuu. Natwishwa kwa hiari.

Bi Nukta:

Mzee umesahau kesi ya ir (kwenda).

MzeeWaVitenzi:

Sijasahau, nilikuwa naivizia.

Kwa kanuni, "twende" ingekuwa vayamos. Lakini hakuna anayesimama mlangoni akasema "¡vayamos!" isipokuwa anasoma hotuba. Wanasema ¡vamos! Yaani neno lile lile la "tunakwenda". Wengi wanafundishwa kwamba ni kasoro tu, imeze. Kumbe ina historia: vamos kwenye Kihispania cha kale ilikuwa yenyewe ni umbo la subjuntivo. Vayamos ikaja kuchukua kazi hiyo sehemu zote, ikashindwa kuing'oa hapa tu. Kwa hiyo vamos ya "twende" ni mzee aliyebaki nyumbani watoto wote walipohama.

Ila ukikataa tu, vayamos anarudi: no vayamos, tusiende. Na ukiiweka chini ya kitenzi kingine anarudi pia: quiere que vayamos, anataka twende. Vamos inaishi kwenye amri ya kukubali peke yake. Na kwenye "tuondoke" ni vámonos, kukataa kwake no nos vayamos.

Nasi tusiwacheke, "njoo" yetu nani anajua ilikotokea kirahisi.

Daftari Jipya:

Hapo kwenye vámonos ndipo sielewi. Vamos + nos si ingekuwa vamosnos?

MzeeWaVitenzi:

Ingekuwa, lakini ulimi umegoma. S ya -mos inadondoka mbele ya nos. Siku zote.

levantemos + nos: levantémonos (tuamke, tusimame)
sentemos + nos: sentémonos (tukae)
quedemos + nos: quedémonos (tubaki)

S ile ile inabaki mbele ya lo, la, le: hagámoslo (tuifanye), escribámosla (tuiandike), digámosle (tumwambie). Lakini ikikutana na se, s mbili haziandikwi, inabaki moja: digámoselo, tumwambie jambo hilo.

Sisi yambwa (kile kinachotendwa) inakaa katikati ya kitenzi, tu-i-fanye, na haihami hata ukikataa: tusiifanye. Wao inakaa mkiani ukikubali, inarukia mbele ukikataa: hagámoslo, no lo hagamos. Sentémonos, no nos sentemos. Na ikirukia mbele, s iliyodondoka inarudi yenyewe, kwa sababu hakuna tena kilichokuwa kinaibana.

Na hapa kuna ugonjwa wetu, Waswahili, sijawahi kuuona kwenye kitabu chochote kwa sababu vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili yetu. Mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye hagamos tunapata bure, ha-GA-mos, hata hatuhitaji kufundishwa. Tatizo ukiongeza lo. Kiswahili ukirefusha neno mkazo unasogea nao: twende, kisha twendeni, sauti imehama. Kihispania mkazo unabaki pale pale ulipokuwa hata neno likirefuka. Ha-GA-mos-lo. Ndiyo maana wanaweka kile kijialama juu ya á, kukuonya. Sisi tunasoma "hagamÓslo", "vamÓnos". Nimejirekodi mwenyewe nikisema vamónos mara tatu mfululizo huku neno liko mbele yangu na alama yake. Piga meza kwenye silabi yenye alama unaposoma, VÁ-mo-nos, sen-TÉ-mo-nos. Majirani watakuona umechanganyikiwa lakini itakaa.

Kengele ya Saa Sita:

Samahani kuingilia. Kwa tuliozoea kanisani, hizi mbona zipo wazi. Padri wa Kihispania anasema Oremos, wetu anasema Tuombe. Demos gracias al Señor, nuestro Dios: Tumshukuru Bwana Mungu wetu. Mimi demos niliishika kwa njia hiyo kabla sijajua kama inatoka kwenye kitenzi dar (kutoa). Kinachonifurahisha ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo padri wetu anasema "Inueni mioyo", anatuamuru sisi, yeye hayumo. Wao wanasema Levantemos el corazón, padri naye kajihesabu.

Bi Nukta:

Huo mfano umenipeleka kwenye wimbo wa taifa wa Peru, wa 1821. Kiitikio kinaanza: Somos libres, seámoslo siempre. Tuko huru, tuwe hivyo daima. Hiyo "lo" hairejelei kitu, inarejelea "libres", kuwa huru. Na mkazo wake kwenye a ya seá, kama alivyosema Mzee. Venezuela nao wana Gritemos con brío, tupaze sauti kwa nguvu. Nyimbo za mapambano zinalipenda umbo hili kwa sababu anayeimba hawezi kujitoa.

Daftari Jipya:

Swali la adabu. Nikiwa na mtu mzima au bosi, naweza kumwambia "empecemos"? Au kuna umbo la heshima kama usted?

MzeeWaVitenzi:

Hapa ndipo umbo hili linapokuwa rafiki yako mkubwa. Amri nyingine zote za Kihispania zinataka ujue unaongea na nani na yuko wapi. "Kaa" peke yake ni siéntate kwa rafiki, sentate kwa rafiki wa Buenos Aires, siéntese kwa mtu wa heshima, sentaos kwa marafiki wengi huko Hispania, siéntense kwa wengi wa Amerika ya Kusini na Mexico. Sentémonos ni sentémonos Madrid, Lima, Malabo, kwa mtoto na kwa rais. Ukisita umwite mtu tú au usted, jitie kwenye kundi naye, umepona.

Wala hakuna umoja na wingi. Sisi tunasema "twende" kwa mmoja na "twendeni" kwa wengi. Wao vamos ni kwa mmoja na kwa uwanja mzima wa mpira. Ukitaka wajue unawaambia wote, waite: vamos, chicos.

Ukitaka ulaini zaidi ya hapo, geuza iwe swali. ¿Por qué no salimos más temprano? Kwa nini tusitoke mapema zaidi? ¿Y si salimos más temprano? Je, tukitoka mapema? ¿Qué les parece si…? Mnaonaje kama… Lakini angalieni kitenzi hapo: salimos, si salgamos.

Bi Nukta:

Mzee umepita hapo haraka sana na hapo ndipo wengi wanaumia. Sisi tunaweza kuuliza kwa umbo lile lile: "Twende?" "Tuanze?" "Tufanye nini?" Ile -e inabaki. Kihispania hakikubali. Swali linarudi kwenye wakati uliopo wa kawaida:

Tuanze? = ¿Empezamos? (si ¿Empecemos?)
Tule? = ¿Comemos?
Tufanye nini? = ¿Qué hacemos?

Kuulizana ni salimos, kuamua ni salgamos. Nimefundisha watu wawili watatu na hili ndilo kosa la mwisho kuwatoka, kwa sababu kwa Kiswahili si kosa.

MzeeWaVitenzi:

Nakubali, nilikimbia. Basi tuweke zoezi. Daftari, jibu bila kufungua kitabu:

1. Tukae hapa.
2. Tusichelewe.
3. Tulipe sasa.
4. Tuagize kahawa?
5. Tusimwambie hilo bado.
6. Anataka twende naye.

Daftari Jipya:

Haya, msinicheke.

1. Sentémonos aquí.
2. No lleguemos tarde.
3. Paguemos ahora.
4. ¿Pidamos café?
5. No digámoselo todavía.
6. Quiere que vamos con él.

Bi Nukta:

Tatu za kwanza safi kabisa, na paguemos umeweka u yake. Namba 5, ukishaweka no, viwakilishi vinaruka mbele: No se lo digamos todavía. Alama ya mkazo nayo inaondoka, haina kazi tena.

MzeeWaVitenzi:

Namba 6 ni vayamos, nimeisema juzi tu hapo juu. Vamos haikai chini ya "anataka".

Daftari Jipya:

Namba 6 nilijua, mkono uliteleza. Namba 4 ndiyo imeniuma, maana Bi Nukta katoka kuieleza sasa hivi na bado nimeingia mzima mzima. Ni swali, kwa hiyo umbo la kawaida. Pedimos. Narudia:

¿Pedimos café?

Mpita Njia:

Pidámoslo.